Mjadala: Kanuni za pamoja za akili mnemba (AI) Afrika Mashariki, Tanga tunapata nini?

Mleta mada, Tanga mjini

Wadau, salaam. Naomba tulijadili hili bila ushabiki wa vyama.

Jumuiya ya Afrika Mashariki sasa ina nchi 8, na kwenye akili mnemba kila moja imeshika njia yake. Rwanda ilipitisha sera ya taifa mwaka 2023. Kenya ilizindua mkakati wake wa 2025 hadi 2030 mwezi Machi 2025. Sisi Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake. Sudan Kusini mwenye umeme nyumbani hafiki mmoja kati ya kumi. Je, nchi zilizopishana hivi ziandike kanuni za pamoja, au kila mtu abebe mzigo wake?

Mimi nasema ziandike. Mikopo ya kausha damu ya kwenye simu hapa Tanga haihitaji maelezo. Programu inachota majina yote ya kwenye simu yako, inakupima kwa hesabu usizoziona, ukichelewa siku mbili anapigiwa shemeji yako na bosi wako. Kenya ilianza kuwadai leseni wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2022, na 2023 ofisi ya kamishna wa data ikaanza kuwatoza faini. Benki Kuu yetu ilitoa orodha ya majukwaa 69 yasiyo na leseni Novemba 2024. Miaka miwili tulikuwa tunajifunza upya jambo ambalo jirani alishalijua.

Najua hofu ya wengi ni kwamba mkubwa atamburuza mdogo. Lakini dawa yake ipo. Umoja wa Forodha ulipoanza Januari 2005, bidhaa zetu na za Uganda ziliingia Kenya bila ushuru, huku orodha ya bidhaa za Kenya ikiendelea kutozwa zikija kwetu, kiwango kikishuka mwaka hadi mwaka kwa miaka mitano. Mkataba wa Jumuiya wenyewe unaruhusu nchi kwenda kwa kasi tofauti. Basi na hapa Kenya na Rwanda zianze, sisi wengine tupewe muda.

Nawasilisha.

Mchangiaji wa Ngamiani

Mgosi, umeanza vizuri, ukatupeleka Arusha, makao makuu ya Jumuiya, mkutanoni.

Jumuiya ya kwanza ilivunjika 1977, na manung'uniko kwamba faida inakwenda upande mmoja yalikuwa sehemu ya sababu. Hii ya sasa kwa miaka mingi michango ilikuwa sawa kwa kila nchi, tajiri na maskini, na madeni ya michango hayaishi. Ni upatu ambao wote mnaweka sawa, halafu zamu ya kwanza kila mara ni ya mtu yuleyule.

Halafu angalia tabia. Mwaka 2016 Kenya na Rwanda zilisaini mkataba wa biashara na Ulaya, sisi tukakataa kwa hoja ya kulinda viwanda. Kenya ikaenda kusaini wa kwake peke yake Desemba 2023. Simlaumu, kila mtu ana watoto wa kulisha. Ila ndivyo tulivyo: tuko pamoja mpaka maslahi yapishane. Mei 2024 Microsoft na kampuni ya G42 ya Abu Dhabi walitangaza kituo cha data cha dola bilioni 1 kule Olkaria, Kenya. Unadhani Kenya itakaa mezani iandike kanuni za kumkera mwekezaji wa namna hiyo ili mtu wa Mabawa hapa Tanga alale usingizi?

Kijana wa Sahare

Bomba la mafuta angalau tunaliona pale Chongoleani. Hiyo akili mnemba hata mlinzi wa geti haitaajiri.

Mchangiaji wa Ngamiani

Hata hilo bomba, mdogo wangu. Kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, na nyingi ziko kwenye ardhi yetu. Hisa: Uganda asilimia 15, sisi 15, Wachina 8, TotalEnergies ya Ufaransa 62. Jirani na jirani walipatana vizuri kabisa, na mwenye kauli bado yuko ng'ambo. Kwenye akili mnemba mitambo mikubwa karibu yote ni ya Marekani na China. Sasa sisi tunagombania kusimamia nini?

Wakala wa forodha, Horohoro

Shikamooni wakubwa. Nasoma tangu asubuhi nikisubiri mzigo.

Mleta mada, mfano wako wa forodha ndio kazi yangu, kwa hiyo niruhusu. Ule utaratibu wa 2005 ulimlinda aliyechelewa. Kiwanda cha Pongwe kilipata miaka ya kuvuta pumzi kabla cha Nairobi hakijaingia bure. Kwenye programu mambo ni kinyume: anayechelewa ndiye anayeachwa wazi. Lori nikilisimamisha linasimama. Programu haipiti hapa mpakani Horohoro, haina manifesti ya mzigo, haina hata dereva wa kumuuliza maswali.

Chukueni Worldcoin. Walikuwa Nairobi wanapiga picha mboni za macho za watu na kuwapa malipo, foleni ndefu. Agosti 2023 serikali ya Kenya ikasimamisha, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data zile zifutwe. Sasa weka pendekezo lako juu ya hilo. Kenya imebana, sisi tuna muda wa maandalizi, tuseme hadi 2032. Mtu mwenye mashine na pesa taslimu atafunga mizigo aende wapi? Lungalunga, upande wa Kenya, naiona nikiwa nimekaa hapa.

Kwa hiyo huo muda mnaotuombea wanyonge, wenye kampuni watautumia kabla yetu.

Mleta mada, Tanga mjini

Mkuu wa Horohoro, hoja ina uzito. Lakini bila muda, Burundi au Sudan Kusini watasaini vipi? Unawadai wapime mifumo ambayo hata wataalamu wa kuisoma hawana. Watasaini na kuweka kabatini.

Mwalimu, Chumbageni

Naomba tutenganishe vitu viwili ambavyo mleta mada amevifunga pamoja.

Kuna haki ya mtu: programu isisome majina ya kwenye simu yangu bila ridhaa, nikinyimwa mkopo na mashine niwe na binadamu wa kumuuliza, mboni ya mtoto wangu isinunuliwe. Haya hayahitaji maabara, yanahitaji sheria na mahali pa kulalamika. Yaanze siku moja kwa nchi zote 8, bila kusubiriana.

Kuna na mzigo wa serikali: kupima mfumo kabla haujaingia hospitalini au benki, kukagua data uliyofundishiwa, kuandika ripoti. Hapo ndipo pa kuwekeana miaka. Na hapo hatuanzi sifuri. Mwaka 2012 Jumuiya ilianza mpango wa kuoanisha udhibiti wa dawa. Wataalamu wa mamlaka za nchi wanapitia jalada la dawa kwa pamoja, kisha kila nchi inasajili kwa sheria yake. Mwenye watu wengi anatoa wengi, mwenye mmoja anamleta huyo mmoja, na wote wanasoma ripoti ileile. Hakuna aliyepoteza haki ya kusema hapana. Mfumo wa kompyuta wa kusoma picha za kifua unaweza kupitiwa hivyohivyo, haina maana upimwe mara nane na watu walewale wachache.

Wapo nje ya mjadala huu wanaopendekeza mwongozo wa hiari tu badala ya kanuni; nawasikia, ila sishawishiki. Nchi za ASEAN, jumuiya ya Kusini-Mashariki mwa Asia, kumi wakati ule, kuanzia Singapore hadi Laos, zilitoa mwongozo wa aina hiyo Februari 2024. Kwa kuwa ni wa hiari wote waliukubali. Na kwa kuwa ni wa hiari, kampuni isiyotaka kuufuata haina cha kuogopa.

Kwa kaka wa Ngamiani, umeuliza tunasimamia nini. Umehesabu dola na mitambo, ukasahau Kiswahili. Kampuni hizo za Marekani na China zinataka kuuza huduma za sauti na maandishi kwa Kiswahili, na Kiswahili hakichimbwi California. Kiko redioni, mahakamani, kwenye Hansard, yaani kumbukumbu za mijadala ya Bunge, kwenye vinywa vya watu wa hapa. Wakuu wa nchi walikipitisha kuwa lugha rasmi ya Jumuiya Februari 2021. Kwenye rasilimali hii mkubwa si Kenya wala Rwanda, wanaotuhitaji ni wao. Mezani tuingie na hilo mkononi: rekodi za umma za Kiswahili zitolewe kwa masharti mamoja na bei moja. Nchi moja ikitoa za kwake bure, za wengine hazina bei tena. Mimi naona hii ndiyo sababu kubwa ya kushirikiana, kuliko hata hofu ya madhara.

Kijana wa Sahare

Mwalimu, hapo kwenye bei nimeamka.

Mchangiaji wa Ngamiani

Mwalimu, nimekusoma mara mbili. Mpango wa dawa ulianza kwa fedha za wafadhili. Wa akili mnemba wafadhili wake watakuwa nani kama si hao hao wenye mitambo? Anayelipia posho za kikao cha Arusha hakosi sentensi yake kwenye rasimu.

Mwalimu, Chumbageni

Basi iandikwe kwamba kampuni inayoomba mfumo wake upimwe ndiyo inayolipa ada, kama dawa inavyolipiwa inaposajiliwa. Ada iingie mfuko wa pamoja, na asiwepo wa kuchagua nani ampime.

Mleta mada, Tanga mjini

Ada naiunga mkono. Haki za mtu kuanza siku moja pia, mradi nchi isiyo na tume ipewe pa kupeleka malalamiko kwa muda. Kwenye kupima mifumo nabaki na miaka mitano ileile ya mfano wa forodha.

Wakala wa forodha, Horohoro

Mzigo wangu umefika, niwaachie la mwisho. Nairobi wapo waliokuwa wakichuja maudhui ya Facebook wakaishtaki Meta. Kampuni ikadai haiwezi kushtakiwa Kenya, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikasema kesi ziendelee. Vizuri kwao. Mimi niko Mkinga, programu iliyonidhuru imesajiliwa Nairobi, mtambo wake uko Marekani. Nataka niingie ofisi ya Tume yetu, niandike kwa Kiswahili, na ofisi ya Kenya ilazimike kunijibu kama raia wake. Kanuni za pamoja zikishindwa hilo, sioni haja ya kwenda Arusha.

Mchangiaji wa Ngamiani

Hilo la malalamiko nasaini hata leo. Mengine mpaka nione rasimu, na nione nani ameiandika.