Gumzo la Kikundi cha Wakazi: Jengo Jipya la Katikati ya Mji

JUMANNE

Katibu Salome, saa 1:05 asubuhi
Habari za asubuhi, wanakikundi. Kama nilivyoeleza wiki iliyopita, na kama nilivyokumbusha juzi bila kupata jibu hata moja, muda wa kupokea maoni kuhusu lile jengo la matumizi mchanganyiko utakwisha Ijumaa saa 9:30 alasiri. Michoro nimeituma tena hapa chini: maduka na maegesho chini, ofisi katikati, makazi juu, jumla ghorofa 18. Naomba kila kaya iandike msimamo wake leo ili barua yetu iwe na neno moja, nalo ni kwamba tunataka ghorofa 10 na si zaidi.

Katibu Salome, saa 3:40 asubuhi
Naona wengi wenu mmekwisha kusoma. Kusoma si kujibu.

Baba Neema, saa 3:52 asubuhi
Nimesoma, Katibu. Kabla sijatoa msimamo nauliza tu kama lifti itakuwa ikifanya kazi, maana maoni yangu kuhusu ghorofa ya 18 yanategemea magoti.

Katibu Salome, saa 3:53 asubuhi
Baba Neema, nakuomba. Jambo hili ni zito.

Daudi, saa 4:10 asubuhi
Mimi sitaiunga mkono barua ya ghorofa 10, na ni afadhali niseme mapema kuliko kunyamaza halafu jina langu likatumika. Vijana wetu wanapanga pembezoni na kumalizia siku zao barabarani kwa sababu katikati ya mji hakuna nyumba. Leo anatokea mtu anayetaka kujenga makazi palepale penye kazi, nasi neno letu la kwanza ni kwamba apunguze. Washington, mji mkuu wa Marekani, imejiwekea kikomo cha urefu kwa sheria tangu mwaka 1910, urefu wa jengo ukifuata upana wa barabara inayolikabili, na katika barabara za biashara kwa kawaida jengo halivuki futi 130, yaani takriban mita 40. Anga la mji ule linapendeza, sikatai, lakini minara haikuacha kujengwa. Ilivuka mto ikasimama upande wa Virginia, jimbo jirani.

Bi Zuhura, saa 4:31 asubuhi
Mwanangu Daudi, mifano iko pande zote mbili. Paris walijenga mnara wa Montparnasse, mita 210, ukakamilika mwaka 1973, na wenyeji wakauchukia kiasi kwamba miaka michache baadaye mji ukajiwekea kikomo kisichovuka mita 37. Kikomo hicho kililegezwa, wakajuta, na mwaka 2023 wakakirudisha. Sidhani kwamba watu wale hawahitaji nyumba.

Katibu Salome, saa 4:33 asubuhi
Ahsante sana, Bi Zuhura. Kwa hiyo nikuandike miongoni mwa wanaotaka ghorofa 10.

Bi Zuhura, saa 4:40 asubuhi
Sikusema hivyo.

Yusufu, saa 5:15 asubuhi
Shikamooni wakubwa. Jana usiku nilikaa na michoro hii nikaikokotoa, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, na nadhani tunabishania namba ambayo haina maana ikisimama peke yake. Kiwanja kina mita za mraba 2,000, na wanaomba eneo la sakafu lenye ukubwa mara sita ya kiwanja, yaani mita za mraba 12,000. Mkilazimisha ghorofa 10 bila kuugusa uwiano huo, kila ghorofa itakuwa na mita za mraba 1,200, na jengo litafunika asilimia 60 ya kiwanja tangu chini hadi juu, zito na pana, likiziba upepo na mwanga wa majirani wa pande zote. Eneo hilohilo likigawanywa kwa ghorofa 18, kila moja haifiki mita za mraba 670, na thuluthi mbili za kiwanja zinabaki wazi. Wakazi ni walewale, magari ni yaleyale, na maji taka yataingia katika bomba lilelile. Kinachobadilika ni umbo.

Daudi, saa 5:17 asubuhi
Ndicho nilichokuwa nikisema.

Yusufu, saa 5:24 asubuhi
Subiri, kaka Daudi, kwa sababu mwendelezaji, yaani huyo anayetaka kujenga, hakutupa lolote kati ya hayo mawili. Ghorofa 18 anazozitaja zinaanza kuhesabiwa juu ya maegesho. Ghorofa tatu za maegesho hazimo katika hesabu yake ya urefu wala ya eneo la sakafu, nazo zinafunika karibu kiwanja chote, kwa hiyo nafasi ya wazi ambayo mnara mwembamba ungetuachia imekwisha kuliwa kabla mnara haujaanza. Jumla ni ghorofa 21, takriban mita 70. Halafu tazameni ukurasa wa vivuli: wamechora kivuli cha saa sita mchana peke yake, wakati kivuli kinapokuwa kifupi kuliko saa nyingine zote. Jua likiwa nyuzi 30 juu ya upeo, jengo la mita 70 linatupa kivuli cha takriban mita 120, na uwanja wa watoto uko karibu zaidi ya hapo.

Baba Neema, saa 5:30 asubuhi
Kwa hiyo ghorofa ya 18 ni ya 21. Magoti yangu yatapeleka barua yao peke yao.

Bi Zuhura, saa 6:05 mchana
Ninaomba tusiliruke jambo la moto. Ngazi ya gari la zimamoto kwa kawaida hufika mita 30 hivi. Juu ya hapo uhai wa mtu unategemea jengo lenyewe. Jengo la Grenfell kule London lilikuwa na ghorofa 24 na ngazi moja tu ya kushukia. Mwezi Juni mwaka 2017 moto ulipanda kupitia vifuniko vya ukuta wa nje na watu 72 wakafa. Ndiyo sababu Uingereza imeamua kwamba majengo mapya ya makazi yanayofika mita 18 yawe na ngazi mbili. Katika michoro hii nimehesabu ngazi moja, na sijaona popote palipoandikwa kioo na vifuniko vya nje vitatengenezwa kwa kitu gani.

Baba Neema, saa 6:11 mchana
Bi Zuhura, umetaja London na kioo, nikakumbuka lile jengo la Fenchurch Street lenye ukuta uliopinda ndani. Mwaka 2013 ukuta ule ulikusanya jua ukalitupa barabarani likayeyusha sehemu za gari lililoegeshwa, na mwandishi mmoja wa habari akakaanga yai pale chini. Tukipata kioo cha namna hiyo, kikundi hiki hakitachangishana tena pesa ya gesi kwenye sherehe.

Mama Stella, saa 6:14 mchana
😂😂 Sherehe gani, wakati mchango wa ile iliyopita wewe mwenyewe hujaumaliza?

Baba Neema, saa 6:15 mchana
Hilo tulizungumze pembeni, dada yangu.

Katibu Salome, saa 6:16 mchana
Sasa watu ambao hawakuandika neno tangu asubuhi wanatuma vicheko. Nimehesabu vicheko vingi kuliko misimamo.

Bi Zuhura, saa 6:45 mchana
Naona hoja ya ngazi imepita bila kuguswa. Nairudia: ni ngazi moja, kwa ghorofa 21.

Mama Stella, saa 7:20 mchana
Mimi nitasema jambo ambalo Katibu hatalipenda. Sitasaini barua ambayo sijaiona ikiwa imeandikwa yote, tangu salamu hadi tarehe. Safari ile ya kisima tuliambiwa saini kwanza, maneno yatafuata, na maneno yaliyofuata kila mtu anayakumbuka.

Katibu Salome, saa 7:22 mchana
Mama Stella, tulikubaliana kwamba suala la kisima halitazungumzwa humu.

Mama Stella, saa 7:23 mchana
Mlikubaliana. Mimi nilikuwa msibani.

Yusufu, saa 8:02 mchana
Kabla hatujafika mbali, naomba niweke pendekezo. Badala ya kudai namba ya ghorofa, tudai umbo. New York walipata jengo la Equitable mwaka 1915, ghorofa 38 zilizopanda wima kutoka ukingo wa barabara bila kurudi nyuma hata kidogo, na mwaka uliofuata mji ukaweka kanuni kwamba jengo likifika kimo fulani sehemu ya juu ianze kurudi nyuma ili mwanga ufike chini. Kwetu tunaweza kudai kwamba sehemu ya mbele isizidi ghorofa tano, ilingane na majengo jirani, na mnara usimame nyuma yake ukiwa mwembamba, jinsi wanavyofanya Vancouver. Jan Gehl, msanifu wa Denmark, anashikilia kwamba mtu aliye juu ya ghorofa ya tano hana tena mawasiliano na barabara, naye wa barabarani hamtambui aliye juu. Kwa anayepita kwa miguu, sehemu inayomkabili usoni ni zile tano za kwanza, na kwa mchoro huu tatu kati yake ni ukuta wa maegesho.

Katibu Salome, saa 8:10 mchana
Yusufu, maelezo yako ni mazuri lakini yatawachanganya. Namba 10 kila mtu anaielewa, hata yule wa dirishani atakayeipokea barua.

Daudi, saa 8:12 mchana
Anayeielewa zaidi ni mwendelezaji, ambaye atakupa hizo 10 zako akafunika kiwanja chote.

Mzee Kombo, saa 12:20 jioni
Wanangu, mjukuu wangu amenisomea yote tangu asubuhi, nami sikutaka kusema mpaka wenye kusema wamalize. Mmetazama juu siku nzima, na hakuna aliyefungua ukurasa wa sakafu ya chini kabisa. Kichochoro kinachotoka barabara kuu hadi kituo cha mabasi hakimo. Mahali pake wamechora mlango wa magari. Kichochoro kile hatukupewa kwa huruma ya mtu. Kilitengwa kwa maandishi wakati viwanja vinagawanywa, na katika walioweka saini mimi ndiye niliyebaki. Katika barua isiyokitaja msiandike jina langu, iwe ya ghorofa 10 au ya mbili. Na wewe Salome, Stella anapouliza kuhusu kisima, mjibu. Kisima kilikuwa mdomoni mwa kichochoro hichohicho, na tuliponyamaza kuhusu kimoja ndipo walipopata ujasiri wa kukifuta cha pili.

Yusufu, saa 12:58 jioni
Nimefungua ukurasa huo, Mzee. Ni kweli. Nilikokotoa kila kitu nisitazame watu watapita wapi.

JUMATANO

Katibu Salome, saa 12:40 asubuhi
Shikamoo Mzee. Nimekusikia. Nimeiandika barua upya: aya ya kwanza ni kichochoro, ya pili ni ngazi mbili na vifuniko vya nje, ya tatu ni maegesho yahesabiwe na vivuli vichorwe asubuhi na jioni. Aya ya nne ni urefu, na hapo naomba neno lenu.

Daudi, saa 2:15 asubuhi
Akirudisha kichochoro, atapoteza njia ya magari na sehemu kubwa ya maegesho. Atataka kufidiwa, na fidia isiyotutoa jasho ni urefu. Mimi ningempa hizo 18 mradi chini pabaki wazi na palipo na ukuta pawe na milango ya maduka.

Katibu Salome, saa 2:18 asubuhi
Ukimpa urefu kwanza, hutakipata kichochoro.

Yusufu, saa 2:50 asubuhi
Katibu ana hoja. Kwa kanuni za mwaka 1961, New York waliwaongezea wajenzi eneo la sakafu ili waache viwanja vya wazi mbele ya minara, wakitarajia uzuri kama wa jengo la Seagram lililokamilika mwaka 1958. Wajenzi walichukua sakafu, na vingi vya viwanja walivyoacha vilikuwa sakafu ya saruji isiyo na pa kukaa, mpaka kanuni zikabidi kukazwa. Kama tutabadilishana, upana wa kichochoro, saa za kufunguliwa, taa na wa kukitunza viandikwe kabla ya ghorofa hata moja kuongezwa.

Baba Neema, saa 3:05 asubuhi
Hapo nakubaliana na Yusufu, na leo sina mzaha. Mama yangu hupita pale kila siku.

Bi Zuhura, saa 3:30 asubuhi
Basi aya ya nne isiwe na namba. Iseme kwamba urefu utajadiliwa baada ya aya tatu za kwanza kukubaliwa.

Katibu Salome, saa 3:32 asubuhi
Barua isiyo na namba wataiweka kabatini.

Bi Zuhura, saa 3:41 asubuhi
Hata yenye namba huwekwa kabatini.

Mwajuma, saa 10:15 jioni
Samahanini, simu ilikuwa imezimika tangu jana. Naafiki.

Katibu Salome, saa 10:16 jioni
Unaafiki lipi, Mwajuma? Ghorofa 10, ghorofa 18, au aya isiyo na namba?

Mama Stella, saa 11:02 jioni
Wakati tunamsubiri Mwajuma, mimi nitasaini nikiiona aya ya kisima.

Katibu Salome, saa 11:20 jioni
Aya hiyo nimeiandika chini ya ile ya kichochoro, ila haina mwaka, na nakala ya makubaliano ya viwanja Mzee anasema iko kwa mwanawe. Anayeweza kuifuata kesho aniandikie kabla ya saa 4 asubuhi, kwa sababu Ijumaa nitapeleka barua ikiwa na kile nitakachokuwa nacho mkononi.