Naomba ushauri: kiegemeo cha kichwa kwenye mashine ya kupimia macho

Habari zenu wakuu. Mimi ni seremala, niko Tabora mjini. Kliniki moja imenipa kazi ya kutengeneza kiegemeo cha kidevu na paji la uso, cha zamani kimevunjika. Nimechonga cha mninga, kimependeza kweli, ila bibi mmoja alipokijaribu, kila akiambiwa atazame juu paji linarudi nyuma na daktari halioni tena jicho. Nguzoni kuna alama, kona ya nje ya jicho inatakiwa ilingane nayo. Watoto hawaifikii hata wakipiga magoti kwenye stuli. Pa kuwekea kidevu nipapandishe kwa skrubu au nipange vibao? Na pale panapogusa ngozi niweke nini kinachovumilia kufutwa spiriti kila mgonjwa? Sponji ya godoro imeshaanza kumeguka.