Ushauri: nina milioni moja na laki sita, nataka kuunda kompyuta ya mezani ya kuhariri video za harusi

Dada wa Msamvu

Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri, tena wa kina, maana hela hii ikipotea sina nyingine. Laki kumi na mbili nimepokea zamu yangu kwenye mchezo, laki nne nimejibana mwenyewe tangu Pasaka.

Napiga video za harusi, sendofu na kicheni pati hapa Morogoro, mwaka wa nne sasa. Kamera yangu ni Sony a6400. Kwenye sherehe kubwa mwenzangu hukodi a7 IV. Nahariri kwa programu ya Premiere kwenye laptopu yenye prosesa ya Core i5-7200U, RAM 8GB. Nikiweka video ya 4K kwenye taimlaini, pale ninapopanga vipande, picha inakatakata na sauti inatangulia. Kurenda, yaani kutoa video kamili, naanza saa nne usiku, adhana ya alfajiri inanikuta bado haijaisha. Kuna familia imesubiri video wiki sita. Mama wa bwana harusi alinipigia simu kwa upole kabisa, na ule upole ndio ulioniumiza.

Duka moja wameniandikia hivi: Ryzen 5 5600 kwa 330,000, madabodi (bodi kuu) ya B450 230,000, RAM ya 8GB moja 120,000, kadi ya picha RX 580 8GB iliyotumika 380,000, diski ya SSD ya 240GB 70,000, diski ya HDD iliyotumika ya 1TB 60,000, na kasha lenye pawa saplai yake ndani 150,000. Jumla 1,340,000. Skrini nitaunganisha TV ya nyumbani kwa kuanzia. Nilipe, au kuna kitu sikioni?

Fundi wa Gerezani

Dada, usilipe. Hao hawajakuuliza unafanya kazi gani, wamekuandikia mashine ya kuchezea gemu.

Naanza na kasha lenye pawa saplai ndani, kwa sababu hapo ndipo nimeona watu wengi wakilia. Kwa hela hiyo ile pawa saplai ni boksi jepesi lenye stika ya wati 500 ambazo haziwezi kutoka. Ishike mkononi: nzuri ina uzito. RX 580 peke yake imeandikwa wati 185. Siku ukirenda saa tano mfululizo, inazima. Na mbovu ikifa haifi peke yake, inaondoka na madabodi. Nunua yenye cheti cha 80 Plus Bronze, wati 500 au 550, kutoka kampuni inayojulikana. Hapo usibane.

Kadi nayo. RX 580 ilitoka 2017, na nyingi zilizozagaa zilifanya kazi usiku na mchana kuchimba sarafu ya kidijitali ya Ethereum mpaka Septemba 2022 uchimbaji wake ulipokoma. Si kwamba zote ni mbovu, ninazo mbili zinazofanya kazi mpaka leo, ila feni na memori zimechoka. Halafu kuna zilizoandikwa 2048SP. Hiyo ni RX 570 iliyobadilishwa jina.

B450 ni ya 2018, Ryzen 5 5600 ni ya 2022. Kama baiosi, programu ya kuwashia iliyo kwenye madabodi, haijasasishwa, mashine haiwaki. Mtu asiyejua atadhani prosesa imekufa, atarudi dukani na ugomvi uanze.

Mpiga Kinanda

Kwa video mimi nisingeunda kabisa. Tafuta HP Z440, zile za ofisini zinazoletwa zikiwa zimetumika. Prosesa yake ni Xeon E5-1650 v3, kori (viini vya kazi) sita, na nyingi zina pawa saplai ya wati 700 kutoka kiwandani. Unaiongezea kadi ya picha, umemaliza.

Mzee wa Luku

Mpiga Kinanda, nimeitumia Z440 miaka mitatu, nakuheshimu lakini hapa sikubaliani nawe. Ni chuma cha kweli, haifi. Ila ile prosesa ni ya 2014, inakula wati 140 ikichapa kazi, na haina picha yake ya ndani, kwa hiyo lazima kadi. Tuseme mashine nzima inavuta wati 250: saa nane ni uniti mbili za Luku kila siku ya kazi. Dada anarenda usiku kucha! Na Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wakati Windows 11 rasmi inataka Intel kuanzia kizazi cha 8. Z440 haimo.

Akitaka ya ofisini, achukue EliteDesk 800 G4 ya umbo la mnara, yenye i5-8500. Kori sita, Windows 11 inaingia bila ujanja. Ajue tu kwamba pawa saplai ya HP na ya Dell ina soketi zake. Ikifa huingii duka lolote ukachukua ya kawaida.

Kijana wa Taimlaini

Dada wa Msamvu, mwaka jana nilikuwa palepale ulipo, kwa hiyo nisome taratibu.

Taimlaini yako haikwami kwa kukosa kadi kubwa. Inakwama kwa sababu kamera inabana picha kwa mifumo ya H.264 au H.265, na kompyuta inalazimika kuifungua upya kila fremu unapocheza. Kazi hiyo ikiachiwa kori mbili za 7200U, utasubiri. Ndani ya prosesa za Intel zenye picha yake kuna sehemu maalumu ya kufungua video, inaitwa Quick Sync, na Premiere anaitumia. Ryzen 5 5600 haina picha ya ndani kabisa, mzigo wote ungebaki kwa ile RX 580 iliyochoka.

Sasa njoo kwenye a7 IV. a6400 yako inarekodi rangi kwa 8-bit 4:2:0, karibu kila mashine ya leo inaifungua. Lakini a7 IV ikiwekwa 10-bit 4:2:2, yenye rangi nyingi zaidi, hapo ndipo watu wanauza mashine wakidhani ni mbovu. H.265 ya 4:2:2 inafunguliwa na Intel za mezani kuanzia kizazi cha 11. RX 580 haiwezi. Kadi ya Nvidia RTX 3060 haiwezi, na bei yake unaijua. Nvidia wameanza kuiweka kwenye RTX 50 za mwaka 2025. Kwa hiyo i5-12400, Intel ya kizazi cha 12, isiyo na kadi yoyote itacheza faili ambayo mashine ya gharama zaidi inakwama nayo. Nilipoliona hilo kwa macho yangu nilikaa kimya dakika nzima.

Mambo mawili uyashike. Kwanza, 12400, si 12400F. Ile F maana yake picha ya ndani imezimwa, na ndiyo sababu ya ule unafuu wa bei. Pili, mwambie mwenzako arekodi XAVC HS, ambayo ni H.265. XAVC S ni H.264, na H.264 ya 4:2:2 10-bit hata 12400 haiifungui kwa njia hiyo. Akishindwa, ashuke 4:2:0.

Na hata kabla ya kutoa senti tano: usiku wa leo tengeneza proksi. Premiere inakuundia nakala nyepesi za video zako, unakata na kupanga kwa hizo, ukifika kurenda inarudi kwenye faili halisi. Laptopu yako itapumua.

Bin Kisauni

Dadangu, mimi niko Mombasa. Nyongeza moja tu: RAM nunua mbili za 8GB, si moja ya 16GB. Zikiwa mbili zinapita njia mbili kwa pamoja, na hiyo picha ya ndani haina memori yake, inakopa kwenye RAM. Ukiweka moja unainyima.

Na usingoje ishuke. Tangu mwisho wa 2025 bei ya RAM imepanda vibaya, viwanda vinapeleka memori kwenye mitambo ya akili bandia. Niliahirisha mwezi mmoja, nikaja kulipa zaidi.

Mtoto wa Bur Dubai

Ukitaka naweza kukuangalizia huku, mtaa wa kompyuta wa Khalid bin Al Waleed uko karibu nami. Ila nikwambie ukweli: kinachofaa kuagiza kutoka huku ni prosesa, RAM na SSD, vitu vya kuingia mfukoni. Kasha na pawa saplai uzito utakula faida yote. Na dhamana inabaki huku. SSD ikifa mwezi wa pili, nani ataileta? Kama tofauti ni elfu ishirini au thelathini, nunua nyumbani kwa mtu unayeweza kumfuata.

Dada wa Msamvu

Wakuu, sijui niwashukuruje. Nimetengeneza proksi jana usiku kama Kijana wa Taimlaini alivyosema. Video ya ile familia ya wiki sita nimeimaliza kukata leo mchana, kwenye laptopu hii hii. Nimekaa miaka minne bila kujua kitu hicho.

Nimekubali 12400. Maswali: madabodi gani? Na ile HDD iliyotumika nichukue? Mzee wa Luku, shikamoo, huku kwetu umeme unakatika na kurudi kwa kishindo, nikinunua stebilaiza inatosha?

Mzee wa Luku

Marahaba, mwanangu. Stebilaiza inasawazisha umeme ulio dhaifu au uliozidi, lakini ukikatika nayo inakatika. Ukiwa asilimia 90 ya kurenda, umerudi mwanzo. Chukua UPS, yenye betri ndani. Mashine hiyo bila kadi ni nyepesi, hata ya 650VA itakupa dakika za kutosha kuhifadhi kazi na kuzima kwa heshima. Usichomeke pasi humo!

Fundi wa Gerezani

Madabodi H610 inatosha. Tazama boksi lake: zipo za DDR4 na za DDR5, na RAM ya moja haiingii kwenye nyingine, pengo lake liko mahali tofauti. Kwa hela yako DDR4. Hakikisha ina sloti ya M.2, ya kuchomeka SSD ya haraka ya NVMe.

HDD iliyotumika mimi nakataza. Ukilazimika, mwambie muuzaji aichomeke na afungue programu ya CrystalDiskInfo mbele yako. Utaona saa ilizofanya kazi na kama kuna sekta mbovu. Akikataa kuichomeka, umeshapata jibu. Vitu vingine unaweza kununua tena, harusi ya mtu hairudiwi. Weka nakala mbili, sehemu mbili.

Siku ya kuchukua, usiondoke na maboksi. Iunganishwe hapo hapo, iwake, uingie kwenye baiosi uone RAM 16GB na jina la prosesa bila F. Na uwashe XMP, mpangilio wa kasi ya RAM ulio humo, bila hiyo RAM ya 3200 inaweza kukimbia 2133 au 2400 tu.

Mpiga Kinanda

Nimejifunza, Mzee. Hiyo ya uniti mbili sikuwahi kuipiga hesabu.

Dada wa Msamvu

Marejesho, wakuu. Jumamosi nimepanda basi la kwanza, nimerudi na mashine mapajani kama mtoto.

i5-12400 imenigharimu 380,000, madabodi H610 ya DDR4 240,000, RAM mbili za 8GB 300,000, SSD ya NVMe ya 500GB 170,000, pawa saplai Bronze ya wati 550 170,000, kasha tupu 90,000 na UPS 230,000. Jumla 1,580,000. Duka la kwanza walinitolea 12400F, nikawaonyesha herufi kwenye boksi, wakasema ni ileile. Nikaaga nikatoka. La pili walikuwa nayo, na kijana wa pale aliiunganisha mbele yangu na kunionyesha XMP bila hata kumuuliza.

Jana nimeweka faili za a7 IV, HS ya 4:2:2, bila proksi. Zinacheza. Dakika 40 za 4K zimerenda wakati nakaanga samaki na kusonga ugali, nikarudi nikakuta tayari. Umeme ulikatika mara moja saa mbili usiku, UPS ikalia, nikahifadhi nikazima.

Bado kitu kimoja. TV inaonyesha ngozi za watu nyekundu kupita kiasi, nikituma kwa mteja zinaonekana vingine kwenye simu yake. Nikianza kujichanga kwa ajili ya skrini, nianzie ipi?

Kijana wa Taimlaini

Hongera sana dada! Skrini tafuta yenye paneli ya IPS, inchi 24, iliyoandikwa inafikisha asilimia 99 au 100 ya sRGB, kile kipimo cha rangi. Wakati unajichanga, ingia kwenye mipangilio ya TV, toa ile hali ya rangi kali uweke ya filamu, na zima kila kinachojiita cha kuboresha picha. Kisha tuwekee kipande kimoja hapa, tukuangalizie ngozi.