Mwigizaji anasema lake, maandishi ya chini yanasema lingine. Sisi tunaojifunza Kiingereza tushike lipi?

Wakuu, leo nimejaa hadi hapa. Kila ukiuliza namna ya kuzoesha masikio Kiingereza, jibu ni moja: tazama filamu, washa maandishi ya Kiingereza, soma huku unasikiliza. Nimefanya hivyo miezi minane. Jana nimerudisha sekunde nne zilezile mara kumi na moja. Chini pameandikwa "You should have told me", masikioni inaingia "shuda". Hiyo "have" imekwenda wapi?

Hapo bado nafuu, kwa sababu neno lipo, limemezwa tu. Kinachoniudhi ni pale wanaoandika hayo maandishi wanapokata maneno. Mtu anafoka, "Look, it's not like I didn't try, you know?" Chini wanakuwekea "I tried." Basi! Zile kanusho mbili zinazopishana, ndizo zinazotutesa, ndizo nilizokuja kujifunza, zimefyekwa. Ukiwa mgeni wa lugha huwezi kujua kama umesikia vibaya au umeandikiwa vibaya. Unalaumu masikio yako bure.

Najua utetezi wao: nafasi ni mistari miwili, kila mstari herufi 42 hivi, na jicho linahitaji muda wa kusoma. Sawa. Mbona yale maandishi ya viziwi, yanayoandika hadi mlango ukigongwa, mara nyingi yanafuata maneno kwa karibu zaidi? Kumbe inawezekana wakitaka.

Filamu zilizoingizwa sauti ya lugha nyingine ndizo balaa kabisa. Filamu ni ya Kikorea, umechagua sauti ya Kiingereza na maandishi ya Kiingereza. Hizo ni tafsiri mbili tofauti! Ya sauti imepindwa ifuate midomo, ya maandishi imefupishwa isomeke haraka. Nimekesha na kamusi nikitafuta kwa nini "Let's get out of here" inaandikwa "We have to leave", nikidhani ni kanuni ya sarufi. Hakuna kanuni yoyote. Usiku wangu umepotea, na hakuna aliyenitahadharisha.

Halafu hata wakiandika neno kwa neno, hakuna anayekwambia kwamba ile 'd ya "I'd better" ni "had", na ya "I'd rather" ni "would". Vitabu vyetu vinafundisha Kiingereza kinachosomwa polepole na mtu aliyekaa wima. Hicho kwenye filamu hakipo.

Ninachodai ni kidogo. Pale tunapochagua lugha, waandike wazi: haya ni maneno kama yalivyosemwa, haya ni muhtasari, haya ni tafsiri nyingine. Mistari mitatu tu.

Wadau mliopita njia hii, mlichagua maandishi yapi? Na kuna aliyeyazima kabisa akaanza kusikia?