MJADALA: Je, Emacs ije na MELPA ikiwa imeshawashwa?

Wakuu, salaam.

Haupiti muda mrefu kabla mtu hajauliza mbona kifurushi alichosifiwa hakionekani kwenye orodha ya Emacs yake. Jibu huwa lilelile: nakili mistari miwili, ibandike kwenye faili lako la mipangilio, MELPA, ghala la vifurushi la ziada, itafunguka. Sasa wapo wanaodai adha hiyo iishe, Emacs yenyewe ije na MELPA imeshawashwa. Mimi napinga, na naomba tulijadili kwa hoja.

Kwa mgeni wa mambo haya: GNU Emacs, iliyoanza kusambazwa 1985, ni kihariri cha maandishi unachoweza kukibadili huku kikiendelea kufanya kazi, kwa lugha yake ya Emacs Lisp. Kifurushi ni msimbo (code) wa Lisp wa mtu mwingine unaouongeza kwenye Emacs yako. Kisakinishi cha vifurushi kiliingizwa ndani ya Emacs katika toleo la 24, mwaka 2012. Ghala lake rasmi ni GNU ELPA, ambako waandishi husaini hati ya kukabidhi hakimiliki kwa Free Software Foundation, shirika linalousimamia mradi wa GNU. Toleo la 28 la mwaka 2022 likaongeza NonGNU ELPA, ambalo halidai hati hiyo. MELPA iko nje ya mradi wa GNU, inaendeshwa na watu wanaojitolea, na ina vifurushi zaidi ya 5,000. Wanafanya kazi kubwa na sina ugomvi nao.

Tatizo langu liko hapa. Kifurushi cha Emacs hakina uzio. Kikishaingia kina uwezo wote ulio nao wewe: kusoma barua zako, kufungua funguo zako za SSH (za kuingilia kompyuta za mbali), kuendesha amri yoyote ya mfumo, kutuma kitu nje. Hakuna mahali unapoulizwa kama unaruhusu. Tena si lazima ukitumie. Wakati wa kusakinisha, Emacs hukusanya (compile) msimbo, na makro zilizomo, yaani vipande vinavyozalisha msimbo mwingine, hutekelezwa palepale.

MELPA nayo hukikagua kifurushi kinapoomba kuingia. Baada ya hapo, chochote ambacho mwandishi atakisukuma kwenye Git yake (hifadhi ya msimbo wake mtandaoni) hujengwa na mashine na kukufikia baada ya saa chache. Kama akaunti yake imeibwa, au ameukabidhi mradi kwa mtu asiyemjua vizuri, utajuaje? Mwaka 2024 tuliona yaliyotokea kwa xz, programu ya kubana mafaili. Mtu alijenga imani kama msaidizi kwa zaidi ya miaka miwili, kisha akapenyeza mlango wa siri. Uligunduliwa kwa sababu mtaalamu wa programu, Andres Freund, alishangaa kuona SSH inachelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde, wakuu!

Kuna na hili ambalo wengi hawalijui. MELPA huvipa vifurushi namba ya toleo kwa tarehe, yaani namba inayoanza na 2024 au 2025. Ghala rasmi hutumia namba ya mwandishi, tuseme 3.2.1. Emacs ikilinganisha inaona 2024 ni kubwa kuliko 3, kwa hiyo kifurushi kikiwa pande zote mbili utapewa cha MELPA, ambacho mara nyingi ni msimbo wa jana jioni ambao mwandishi mwenyewe hajautangaza kuwa tayari.

Hilo limenikuta. Usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi nilifungua orodha ya vifurushi nikabonyeza U, kisha x, ili kusasisha vyote. Kifurushi kimoja kilikuwa kimebadilisha jina la kigeu (variable), kingine kinachokitegemea kilikuwa bado. Emacs ikagoma kusoma mipangilio yangu. Nilikaa mpaka karibu na alfajiri nikifuta mstari mmoja mmoja. Hakuna aliyenidhuru kwa makusudi, lakini sikuwahi kuambiwa kwamba nimejiandikisha kupokea kazi zisizokamilika.

Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, nimekusoma na kuhusu uzio uko sahihi. Lakini umeiacha ELPA ionekane salama kuliko ilivyo. Saini yake ya kidijitali inathibitisha kwamba kifurushi kimetoka ghalani na hakijachezewa njiani. Haisemi kwamba kuna mtu amesoma msimbo. ELPA nayo huvuta vifurushi vingi kutoka Git za waandishi, na mwandishi akipandisha namba ya toleo, kinatoka. Mwizi wa akaunti atashindwa nini hapo?

Pili, huyo mgeni unayetaka kumlinda anafanya nini leo? Anakwenda mtandaoni, anakopi mipangilio ya mtu asiyemjua, mistari 300, anaibandika yote bila kusoma. Hiyo ndiyo hatari. Ungempa MELPA tangu mwanzo asingekuwa na haja ya kuokota mambo njiani.

Na tusisahau ile hati ya hakimiliki. Magit, kwa maoni yangu chombo bora kuliko vyote cha kutumia Git, kilikaa miaka mingi bila kupatikana kwenye Emacs isiyowashwa MELPA, kwa sababu huwezi kuwapata waandishi wote waliochangia ukawaambia wasaini. MELPA ndiyo iliyotulisha wakati ghala rasmi limefunga mlango. Leo mnataka ibaki nje kama mtoto wa kambo.

Mchangiaji wa pili:

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwanafunzi, natumia bando la simu, kwa hiyo kila kifurushi ni pesa. Naandika ripoti kwa Kiswahili. Nahitaji kifurushi gani ili makosa ya tahajia yapigwe mstari? Na kweli mgeni anahitaji MELPA?

Mtoa mada:

Marahaba, mdogo wangu. Hapo huhitaji kifurushi. Flyspell, inayopigia mstari makosa ya tahajia, imo tayari ndani ya Emacs. Kinachokosekana ni Hunspell, programu ya kukagua tahajia, kwenye mfumo wako, pamoja na kamusi yake ya sw_TZ, ileile inayotumika kwenye LibreOffice. Ripoti iandike kwa Org, sehemu ya Emacs ya kupangia maandishi na madokezo, iliyomo tangu toleo la 22 la mwaka 2007. Kama unaandika programu, toleo la 29 la mwaka 2023 limeleta Eglot, inayosaidia kuandika msimbo, na use-package, ya kupanga mipangilio ya vifurushi, na la 30 la mwaka 2025 limeleta which-key, inayokuonyesha vitufe vinavyofuata. Mwongozo wote unao hapohapo, bonyeza C-h i (Ctrl na h, kisha i), hauli bando hata kidogo. Ni wa Kiingereza, na hilo linaniuma: Emacs inakuja na somo la kuanzia katika lugha nyingi, Kiswahili hakimo. Atakayetaka tulitafsiri pamoja aseme hapa.

Mkuu uliyechangia kwanza, kuhusu saini nakubali. Ulinzi wa ELPA unaonigusa zaidi ni huo wa namba: mwandishi lazima aamue kwamba hili ni toleo. Ni kituo kimoja tu cha kupumua, lakini kwenye MELPA hakipo, labda utumie MELPA Stable, tawi lake linalochukua matoleo yaliyotangazwa tu. Na kuhusu Magit nakubali kabisa, hati ile ilitunyima mengi. Naelewa ilikotoka, kwa sababu mwaka 1985 Richard Stallman, mwanzilishi wa GNU, alilazimika kuondoa na kuandika upya msimbo uliotokana na Emacs ya James Gosling baada ya mgogoro wa haki. Lakini NonGNU ELPA imeshafungua mlango huo, na Magit sasa imo humo. Kwa nini tusiwasukume waandishi waende kule, badala ya kuleta ghala zima?

Kuhusu wanaokopi mistari 300 sina jibu zuri. Nafikiria Emacs iwe na amri moja ya kuwasha MELPA, ikueleze kwa maneno machache unachokubali, kisha iiwekee kipaumbele cha chini kuliko maghala mengine. Nyenzo zipo tayari: package-archive-priorities, mpangilio wa kuweka kipaumbele cha maghala, tunayo tangu toleo la 25. Kwa namna hiyo kilichomo ELPA kingechukuliwa ELPA, na kisichokuwemo ndipo MELPA iulizwe. Wewe hiyo ungeikubali, au bado unataka iwe imewashwa kabla mtu hajaulizwa?