Makosa ya kusoma jeni: ndiyo yanayotuzeesha, au uzee ndio unaoyaleta?

Kalamu Nyeusi: Wadau, kila siku tunaambiwa uzee ni DNA kuharibika. DNA ikinakiliwa na kusahihishwa, hubaki kosa 1 hivi kwa herufi bilioni. Lakini ribosomu, mtambo wa seli unaosoma jeni, ikiunga protini hukosea asidi amino (kipande cha protini) 1 katika kila elfu chache, ikijitahidi sana 1 katika elfu kumi. Protini iliyokosewa haijikunji sawasawa, inagandana na nyingine, na seli inamaliza nguvu kuiondoa. Uchafu wa uzee unatoka hapo. Mwili wa mzee ni kiwanda chakavu kinachotoa bidhaa mbovu. Anayepinga aje.

Msoma Vinasaba: Hiyo ni hoja ya mwanasayansi Leslie Orgel, 1963: makosa yakiingia kwenye vyombo vyenyewe vinavyounda protini, yatazaa makosa mengine mpaka seli ife. Watafiti wakapima miaka ya sabini na themanini, seli zilizozeeka hazikuonekana kukosea kuliko changa. Mbona hilo umelikalia kimya?

Bibi Hawa: Mwanangu Kalamu, nina miaka 71. Kiwanda chakavu ni nani?

Kalamu Nyeusi: Shikamoo mama. Nilikuwa nazungumzia seli.

Bibi Hawa: Marahaba. Umeandika "mwili wa mzee", nimesoma kwa macho yangu. Seli nyingi za ubongo nilizozaliwa nazo ndizo ninazokujibu nazo sasa hivi. Miaka yote hiyo zinasoma jeni zilezile na bado naona ulipoteleza.

Mpita Njia: Mama kasema. Mkishauita uzee ubovu, kesho mtauita ugonjwa, keshokutwa mtatuuzia vidonge.

Kalamu Nyeusi: Mpita Njia, nani kataja vidonge? Msoma, kupima makosa ni jambo moja, kuyapunguza uone kitatokea nini ni jingine. Mwaka 2021 watafiti walibadilisha asidi amino moja tu kwenye protini ya ribosomu iitwayo RPS23. Ribosomu ikawa makini zaidi, na hamira, minyoo na nzi wa matunda, wote wakaishi zaidi. Badiliko hilohilo lipo kiasili kwa baadhi ya arkea, vijidudu vya seli moja, wanaoishi kwenye joto kali. Nijibu hilo.

Msoma Vinasaba: Nzi si mtu.

Daktari wa Zamu: Basi tuje kwa watu. Projeria, ugonjwa adimu wa watoto kuzeeka mapema. Herufi moja ya jeni ya LMNA inabadilika, na asidi amino inayoandikwa pale ni ileile. Ila seli inakata RNA, yaani nakala ya jeni inayosomwa na ribosomu, mahali pasipo pake, protini inapoteza asidi amino 50, na mtoto anapata mishipa ya moyo ya mzee. Wengi hufariki wakiwa na miaka 14 hivi. Anayesema makosa ya kusoma jeni ni jambo dogo aje awaambie wazazi wao.

Msoma Vinasaba: Usinipakazie, hakuna aliyesema ni dogo. Watoto hao hawapati usahaulifu wa wazee, akili zao ziko timamu. Huo si uzee wetu wa kawaida. Na kosa lao liko kwenye DNA! Unampinga Kalamu bila kujua.

Daktari wa Zamu: DNA ndiyo iliyobadilika, lakini anayeua ni RNA iliyokatwa vibaya. Na protini hiyo mbovu hupatikana kidogokidogo hata kwenye seli za watu wazima wasio na ugonjwa huo.

Nuru ya Asubuhi: Mmeusahau utafiti wa 2023, wa kimeng'enya kinachonakili jeni kuwa RNA. Umri ukienda kinaongeza kasi, kwa minyoo, nzi, panya mpaka binadamu, na makosa ya kukata RNA yanapanda. Wakikipunguza mwendo, minyoo na nzi wanaishi zaidi. Kwa hiyo uzee unaleta makosa, na makosa yanaongeza uzee. Mnagombana bure.

Mpita Njia: Kipunguzwe mwendo kwa kitu gani? Dawa?

Kalamu Nyeusi: Dawa ya rapamaisini hupunguza makosa ya ribosomu, ilionekana kwenye kazi ileile ya 2021.

Mpita Njia: Si nilisema vidonge?

Daktari wa Zamu: Hiyo tunawapa waliopandikizwa figo ili kinga isikatae kiungo. Asiyeumwa akiimeza ovyo anajitafutia maambukizi. Tafadhali msiisambaze hapa kama tiba ya uzee.

Bibi Hawa: Mimi simezi. Kalamu, neno lako la kiwanda bado hujaliondoa.