Andy Farrell alivukaje kutoka raga ya watu 13 hadi kuinoa Ireland?

Mtoto wa Nyamanoro: Ndugu wanajukwaa, naomba kueleweshwa. Julai 2025, saa saba mchana, nilikuwa nachaji simu kwenye kibanda umiza kimoja pale Kirumba, na mwenye kibanda, kwa kukosa mechi ya soka, akafungulia raga kati ya Australia na Lions, timu inayokusanya wachezaji wa Uingereza na Ireland. Baadaye nikasoma kwamba kocha wa Lions, Andy Farrell, alitumia karibu maisha yake yote ya uchezaji katika raga ya watu 13 klabuni Wigan, ambako alianza mwaka 1991 akiwa na miaka 16, kisha mwaka 1996 akawa nahodha wa Uingereza akiwa na miaka 21 tu. Sasa mtu wa namna hiyo anapataje kuifundisha nchi nyingine mchezo wa watu 15, ambao yeye mwenyewe aliucheza miaka michache tu, tena akisumbuliwa na majeraha?

Mzee wa Kisumu Ndogo: Mleta mada, niliwahi kucheza raga nikiwa chuoni Kisumu, hivyo nitajibu kwa ninavyoelewa. Katika raga ya watu 13, kila mshika mpira anapoangushwa, walinzi hurudi nyuma mita 10 kisha hukimbilia mbele tena kwa pamoja, na kazi hiyo hurudiwa hadi mara sita kabla ya mpira kubadili mikono. Hebu fikiria wavutaji wa kokoro ufukweni (lililopigwa marufuku, nami silitetei): mmoja akizubaa hatua mbili, wavu unalegea upande wake na samaki wanatokea hapohapo. Mtu aliyefanya hivyo tangu ujana huona pengo kabla halijatokea, na ndiyo maana mwaka 2016 Ireland ilimchukua Farrell kwanza kama kocha wa ulinzi, ikamkabidhi timu nzima baada ya Kombe la Dunia la 2019. Wala si yeye peke yake, kwani Shaun Edwards, naye mzaliwa wa Wigan, alinoa ulinzi wa Wales kwa zaidi ya miaka 10 kabla ya kuhamia Ufaransa, iliyotwaa ubingwa wa Mataifa Sita, mashindano ya kila mwaka ya raga ya watu 15 barani Ulaya, mwaka 2022 bila kufungwa hata mechi moja.

Ongeza bahati ya wakati. Michezo hii miwili ilitengana mwaka 1895, klabu za kaskazini mwa Uingereza zilipotaka kuwafidia wafanyakazi waliopoteza ujira kwa ajili ya mechi, na kwa miaka 100 aliyevuka kwenda kucheza kwa malipo alifungiwa mlango wa kurudi. Mlango huo ulifunguliwa mwaka 1995. Farrell akaupita mwaka 2005 alipojiunga na Saracens, klabu ya raga ya watu 15.

Dada wa Igoma: Shikamoo Mzee. Nakubaliana nawe kuhusu ulinzi, ila tusimpambe kupita kiasi. Farrell alikuwa kwenye benchi la ufundi la England iliyotolewa hatua ya makundi kwenye Kombe la Dunia la 2015, tena nyumbani kwao, na ulinzi aliujua vilevile wakati huo. Mimi naona Ireland ilimpa kitu ambacho hakukipata England, yaani miaka mitatu ya kujifunza chini ya Joe Schmidt, raia wa New Zealand, na wachezaji waliozoeana kwenye klabu nne tu za kulipwa. Mwaka 2022 waliifunga New Zealand mechi mbili kati ya tatu kwao huko, na mwaka 2023 wakashinda mechi zote za Mataifa Sita. Na ajabu ni kwamba mpinzani wa Lions ulipotazama pale Kirumba alikuwa Schmidt huyohuyo, akiinoa Australia.

Mzee wa Kisumu Ndogo: Marahaba, mwanangu. Hilo la Schmidt nilikuwa nimelisahau, nalo lina uzito.

Mtoto wa Nyamanoro: Nashukuru sana. Kumbe ndiyo maana siku ile watu kibandani waliuliza kwa nini wale Lions wa nyekundu wanakimbia mstari mmoja kama waliofungwa kamba, hata mpira ukiwa upande wa pili wa uwanja.